Maria Teresa Ledóchowska na Jina la Ukoo Wake

Katika kitabu hiki cha Jubilei wametajwa watu wengi waliofika kwetu kwa miguu, wakalala mahemani, wakajifunza lugha zetu kwa shida, wakajenga nyumba za Mungu kwa udongo wa nchi hii. Wanastahili kutajwa. Lakini sisi tumeonelea vema kuandika habari za mtu mwingine, ambaye hakufika kabisa. Hakuiona Singida, hakuiona Bagamoyo, wala mguu wake haukukanyaga Afrika mahali po pote. Hata hivyo miaka zaidi ya thelathini ya maisha yake aliitoa kwa ajili ya Afrika, na mali yake, na afya yake, na jina lake pia. Huyo ndiye Mwenye Heri Maria Teresa Ledóchowska.

Kwanza tulieleze jina hilo, kwa maana ni gumu kinywani. Ni jina la Kipolandi. Wapolandi ni taifa mojawapo katika jamii kubwa ya Waslavi, walio ndugu wa lugha na Wacheki, Warusi na wengine. Mwanamume wa ukoo huu huitwa Ledóchowski, na matamshi yake yakaribia Leduhofski. Mwanamke huitwa Ledóchowska. Basi msomaji akikuta hapa -ski na pale -ska, asidhani ni koo mbili; ni ukoo mmoja, ila lugha yao hutenga mwanamume na mwanamke hata katika jina. Asili ya jina ni mahali, katika nchi ya Wołyń ambayo siku hizi imo katika Ukraine. Maana yake basi ni mtu wa mahali fulani, kama sisi tusemavyo mtu wa Ilongero au mtu wa Kiomboi. Tena wazee wao waliliunganisha na jina la kale zaidi, Halka, na jina hilo dogo msomaji alikumbuke, kwa kuwa litarudi.

Ukoo ulikuwa wa cheo cha kurithi, wenye heshima kubwa, lakini taifa lao lilikuwa limeangushwa. Katika miaka ya 1772 hadi 1795 wafalme watatu jirani, wa Urusi, wa Prussia na wa Austria, waliigawana nchi ya Poland kama wawindaji wagawanavyo nyama, na taifa hilo halikupata kujitawala tena mpaka mwaka wa 1918. Kwa hiyo mtoto wa Kipolandi wa siku zile alizaliwa chini ya mtawala mgeni, na mara nyingi lugha ya shuleni haikuwa ile ya mama yake. Jambo hili sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa sana.

Katika ukoo huo alikuwako Mieczysław Ledóchowski, aliyezaliwa mwaka wa 1822, akawa Askofu Mkuu wa Gniezno na Poznań mwaka wa 1866, katika sehemu iliyotawaliwa na Prussia. Serikali ya huko, chini ya waziri wake Bismarck, ilitaka kulitia Kanisa mkononi mwake, na pamoja na hayo ikaamuru dini ifundishwe kwa Kijerumani. Askofu Mkuu hakukubali. Aliwaagiza waalimu wake kwamba watoto wadogo wafundishwe neno la Mungu kwa Kipolandi, lugha wanayoielewa. Kwa ajili ya ukaidi wake juu ya amri hizo na nyingine, mwaka wa 1874 alitiwa gerezani huko Ostrów, akakaa humo hadi mwaka wa 1876. Akiwa bado kifungoni, Papa Pio IX alimfanya Kardinali. Alipotolewa alifukuzwa katika nchi yake, akaenda Roma. Hatimaye, mwaka wa 1892, alikabidhiwa usimamizi wa Propaganda Fide, yaani idara ya Kanisa iliyoshughulikia misheni zote duniani, akaishika mpaka alipofariki mwaka wa 1902. Kwa hiyo katika miaka ile ya kwanza ya misheni za kwetu, barua nyingi za maaskofu wa Afrika zilikwenda mezani pa Ledóchowski. Huyo alikuwa baba mdogo wa Maria Teresa kwa ukoo, na msichana alimheshimu sana.

Maria Teresa alizaliwa tarehe 29 Aprili 1863 huko Loosdorf, katika Austria. Baba yake alikuwa Antoni Ledóchowski. Mama yake, Josefina Salis-Zizers, alitoka katika jamaa kubwa ya Uswisi. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mama huyo. Utoto wake ulikuwa wa raha, lakini baadaye, mabenki ya Vienna yalipoanguka mwaka wa 1873, baba alipoteza sehemu kubwa ya mali yake, na jamaa wakahamia mji wa Sankt Pölten, ambako msichana alisomeshwa na masista. Alipenda kuandika tangu utoto, alipenda muziki, alipenda pia mavazi mazuri na kusifiwa, na waandishi wa maisha yake hawakuyaficha hayo. Mwaka wa 1883 baba aliwarudisha wote katika nchi ya wazee wake, akanunua shamba huko Lipnica Murowana, katika Poland.

Hawakukaa sana kwa furaha. Mwaka wa 1885 ndui iliingia nyumbani. Maria Teresa aliugua sana, na kitandani alimwahidi Mungu kwamba akipona atampa maisha yake. Alipona. Baba yake alishikwa na ugonjwa huo huo, akafa. Wazee wetu waliijua ndui, jinsi ilivyopita katika vijiji na kuacha nyumba tupu, nao wangalimwelewa msichana huyu: mtu aliyenusurika na ugonjwa ule hakuweza tena kuyahesabu maisha yake kuwa mali yake mwenyewe.

Lakini hakwenda utawani mara hiyo. Mama alikuwa mjane mwenye watoto wengi na fedha kidogo, na binti mkubwa alipaswa kujitegemea. Akapata kazi Salzburg, katika jumba la Mtawala Mkuu wa Toscana, ambaye alikuwa amepoteza nchi yake katika Italia akaishi huko kama mgeni wa Austria. Kazi yake ilikuwa kufuatana na Bibi Alice, mke wa mtawala huyo: kumsindikiza, kumsomea, kuketi naye mezani, kuvaa kama ilivyopasa. Jina la Ledóchowska lilimfungulia mlango, kwa kuwa nafasi kama hiyo haikupewa mtu asiye na ukoo.

Hapo jumbani ndipo Afrika ilipomfikia. Mwaka wa 1886 walikuja masista Wafransiskani Wamisionari wa Maria kuomba sadaka, nao wakasimulia kazi ya misheni. Alishangaa, kwa maana hakuwa amefikiri kwamba mwanamke aweza kufanya kazi kama hiyo. Kisha akapata kijitabu cha Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, juu ya biashara ya watumwa. Mwaka wa 1888 Kardinali huyo, kwa agizo la Papa Leo XIII, alikwenda katika miji mikubwa ya Ulaya, Paris, London na Brussels, akiwaamsha watu wakomeshe biashara ile. Katika maneno yake aliwaita wanawake wa Ulaya pia, na kuwataka wenye kipawa cha kuandika wakitumie kwa jambo hilo. Maria Teresa alilisoma neno hilo akaona limesemwa kwake.

Yafaa tukumbushe hapa kwamba habari zile hazikuwa za nchi ya mbali na sisi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, ikaingia pori la Mgunda Mkali, lililo katika nchi yetu upande wa Manyoni na Itigi. Kupitia humo zilikwenda pwani pembe za ndovu, na pamoja nazo watumwa. Na kupitia njia hiyo hiyo ulikuja mwaka wa 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, kumi kwa hesabu, na mmoja wa viongozi wao, Padre Joachim Pascal, akafa njiani mwezi wa Agosti kabla ya kufika Tabora. Hivyo bibi yule aliyeketi Salzburg penye mishumaa na muziki alikuwa akisoma habari za pori ambalo sisi tunalipita leo kwa basi.

Akaanza kuandika. Kazi yake ya kwanza kwa Afrika ilikuwa mchezo wa kuigiza uitwao Zaida, habari za msichana wa Kiafrika katika utumwa. Mwaka wa 1889 alikwenda Lucerne, katika Uswisi, akaonana na Lavigerie mwenyewe, naye akamtia moyo. Mwaka huo huo akaanzisha gazeti, Mwangwi wa Afrika, ambalo kwa Kijerumani liliitwa Echo aus Afrika. Ndani yake alitia barua za wamisionari, picha, na maombi ya msaada. Lakini hakuandika kwa jina lake. Bibi wa jumba la kifalme hakupasa kuonekana akiombaomba katika magazeti, tena maandishi ya mwanamke hayakusikilizwa sana siku zile. Kwa hiyo alijiita Alexander Halka. Alichukua jina la kiume, akaliunga na lile jina la kale la wazee wake. Ukoo uliompa kazi na mkate akauficha nusu, ili Afrika ipate kusikilizwa.

Muda si muda akaona kwamba hawezi kuwatumikia mabwana wawili. Aliomba ruhusa akaacha jumba, na mwaka wa 1891 alikuwa akikaa Salzburg katika chumba kidogo kwa masista, akiandika mchana na usiku, akifunga magazeti mwenyewe na kuandika anwani kwa mkono wake. Watu wa daraja lake walishangaa. Wengine waliona ni aibu, binti wa ukoo ule kujifanya karani wa watu asiowajua. Sisi twaona kwamba hapo ndipo ushujaa wake ulipoanza hasa, maana kusoma habari za mateso na kulia ni jambo jepesi, bali kuandika anwani elfu moja kwa baridi ni jambo jingine.

Tarehe 29 Aprili 1894, siku aliyotimiza miaka 31, Papa Leo XIII alilikubali shirika lake, naye akaliweka chini ya jina la Mtakatifu Petro Klaver, yule Myesuiti Mhispania aliyewahudumia watumwa wa Kiafrika walioshushwa melini huko Cartagena, katika Amerika, akafa mwaka wa 1654. Baadhi ya wanachama wake walikuwa masista walioishi pamoja. Wengine walikaa makwao wakasaidia. Wengine wakasambaza magazeti na kukusanya sadaka. Shirika halikutenga misheni ya taifa hili na taifa lile, wala ya Mapadre Weupe, Mabenediktini au wengineo. Aliyeomba kwa ajili ya Afrika alisikilizwa. Zilitumwa fedha, mavazi ya altare, kalisi, dawa na nguo, na fedha za kuwasaidia makatekista. Mizigo ile, kabla reli haijafika Tabora mwaka wa 1912, ilibebwa na wapagazi vichwani kutoka pwani.

Sasa tuseme neno ambalo si rahisi kulisema katika kitabu cha sherehe. Maria Teresa aliandika habari za watu asiowaona. Alichojua juu yetu alikipata katika barua, na barua za kuomba msaada hueleza taabu zaidi ya mengine. Kwa hiyo msomaji wa Ulaya aliyesoma gazeti lake aliiona Afrika ya minyororo, ya giza na ya watoto wanaolia. Hakumwona mzee wa Kinyaturu akiamua shauri la ng'ombe kwa hekima, wala mama akiimba kwenye kinu. Tena ilikuwako desturi katika misheni za siku zile: mfadhili akitoa fedha za kumkomboa mtoto mtumwa, aliweza kumchagulia jina la ubatizo. Fedha zilikusanywa na shirika la Klaver kwa njia hiyo pia. Basi watoto wa Afrika wakaitwa majina ya bibi na mabwana wa Vienna au Kraków ambao hawakuonana nao kamwe, na jina walilopewa na nyanya zao likakaa nyuma. Hatusemi haya ili kumlaumu. Mtoto aliyetolewa minyororo alitolewa kweli kweli, na jina la mtakatifu ni jina jema. Lakini mtu aliyetoka katika taifa lililonyang'anywa mambo yake tungalitazamia aone jambo hili kwa ukali zaidi.

Na pengine aliliona kwa njia nyingine, katika kazi ambayo sisi makatekista na waalimu twaihesabu kuwa kubwa kuliko zote alizozifanya. Mwaka wa 1897 alipata nyumba karibu na Salzburg, akaiita Maria Sorg, na humo masista wake walikuwa na mitambo ya kupiga chapa. Hapo vilichapwa vitabu katika lugha nyingi za Afrika: katekisimu, vitabu vya sala na nyimbo, habari za Biblia, vitabu vya kusomea. Kabla ya hapo mmisionari aliyeandika katekisimu katika lugha ya mahali aliweza kukaa nayo miaka katika daftari, kwa sababu mwenye mtambo wa chapa Ulaya alitaka faida, na lugha ya watu wachache haina faida. Katekista alifundisha kwa mdomo, swali na jibu, na alipohama kijiji, mafundisho yalihama naye.

Wafikirini wale masista. Msichana wa Austria au wa Poland anasimama mbele ya sanduku la herufi za risasi, anazipanga moja moja, neno kwa neno, katika lugha asiyoijua hata salamu yake. Akikosea herufi moja hawezi kutambua, kwa hiyo hana budi kuufuata mwandiko kwa uaminifu mkubwa kuliko kama angekuwa anajua. Katika mchezo wa Zaida Maria Teresa aliwasemea Waafrika. Kule kwenye mitambo ya chapa maneno yalitoka Afrika, yakakusanywa na wamisionari kutoka vinywani mwa babu zetu na makatekista wa kwanza, naye aliyafuata tu herufi kwa herufi. Kardinali Ledóchowski alifungwa kwa ajili ya watoto kufundishwa dini kwa lugha ya mama zao; binti wa ukoo wake alitumia fedha zake za shida kuwapa watoto wa Afrika kitu hicho hicho. Hatuna la kuonyesha kwamba jambo moja lilizaa lingine, ila twafurahi kuyaweka pamoja.

Baadaye alihamia Roma, na mwaka wa 1910 shirika lake lilithibitishwa kabisa na Papa Pio X. Gazeti lilikuwa likitoka katika lugha nyingi za Ulaya, na kulikuwako jingine dogo la watoto. Sasa hakujificha tena nyuma ya Alexander Halka. Alisafiri mji kwa mji, akahutubia, akaomba, na jina la Ledóchowska, ambalo zamani lilimpa kiti mezani pa wafalme, alilitumia kama mtu atumiavyo akiba yake, kwa maana kwa ajili ya jina hilo matajiri walifungua milango wakamsikiliza.

Vita vya mwaka wa 1914 vilimwumiza. Nyumba za shirika lake zilikuwa katika nchi zilizopigana, barua zikakatwa, na kwetu Afrika ya Mashariki wamisionari wengi wakafungwa au kuondolewa. Ndugu yake Włodzimierz, aliyechaguliwa mwaka wa 1915 kuwa Mkuu wa Wayesuiti wote duniani, ilimbidi aondoke Roma akakae Zizers, katika Uswisi, kwa jamaa ya mama yao. Vita vilipokwisha, Maria Teresa alikuwa amechoka. Mwili wake haukuwa na nguvu tangu ujana, na kifua kilimsumbua. Alifariki Roma tarehe 6 Julai 1922, mwenye umri wa miaka 59.

Ndugu zake wengine tuwataje kwa kifupi. Włodzimierz aliongoza Wayesuiti mpaka alipofariki mwaka wa 1942. Ignacy alikuwa jenerali katika jeshi la Poland. Katika vita vya pili Wajerumani walimkamata, akafa kambini mwao mwaka wa 1945, mzee wa miaka zaidi ya sabini. Dada yake Julia, aliyezaliwa mwaka wa 1865, aliingia utawani Kraków akaitwa Urszula, na mwaka wa 1920 akaanzisha shirika la Masista Waursula wa Moyo wa Yesu Unaoteseka. Alifariki Roma mwaka wa 1939. Dada hawa wawili walipendana sana, ingawa kazi zao ziliwatenga.

Tarehe 19 Oktoba 1975, Papa Paulo VI alimtangaza Maria Teresa kuwa Mwenye Heri. Jimbo letu la Singida lilikuwa na miaka mitatu tu tangu kuundwa mwaka wa 1972, chini ya Askofu Bernard Mabula. Urszula alitangazwa Mtakatifu na Papa Yohane Paulo II tarehe 18 Mei 2003. Masista wa Petro Klaver wangali wakifanya kazi, na katika shirika hilo wameingia pia mabinti wa Afrika wenyewe.

Maria Teresa hakufika kwetu. Bali wana wa kiroho wa dada yake walifika, kutoka Poland, wakajenga Mkiwa, pale barabara ya Singida inapokutana na ile ya Itigi, katika nchi ya lile pori ambalo misafara ilipita. Wanafundisha watoto wa chekechea na kuwahudumia wagonjwa. Watoto wa Mkiwa hujifunza kulitamka jina la Ledóchowska mapema, na hulitamka vizuri kuliko sisi.